Sura ya Sita: Muswada ni Amana

Mtu anapoupeleka muswada wake kwa jarida la kitaaluma, ukafika katika ofisi ambayo hajapata kuikanyaga, mbele ya mhariri ambaye hajapata kuonana naye uso kwa uso, huwa amefanya tendo ambalo wazee wa pwani yetu wangeliita kwa jina lake bila ya kusita: ameweka amana. Maneno yale hayajachapishwa bado. Walioyaona ni yeye na rafiki mmoja au wawili. Na lau aliyeyapokea angetaka kuyageuza kuwa yake, mwenyewe angejikuta na ushahidi mchache wa kumshitakia. Lakini amana hiyo ina nyuso mbili, na uso wa pili husahauliwa mara nyingi kuliko wa kwanza. Mwandishi naye, kwa kule kutia jina lake juu ya kurasa zile, amemwambia mhariri kwamba kazi hii ni yake, na kwamba kila alipochukua cha mtu amemtaja mwenye nacho. Na mhariri, kwa kuwa hakuna mwanadamu awezaye kuyajua yote yaliyoandikwa duniani hata katika fani yake mwenyewe, hana budi kumsadiki. Habari ya sura hii ni siku ile ambayo mmoja katika hawa wawili amefanya hiana, na namna majarida yanavyolikabili jambo hilo, au yanavyolikwepa.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki fikra hii si ngeni hata ikahitaji kufasiriwa. Katika madarasa ya Lamu, Mombasa na Unguja, mwanafunzi aliyetaka kusomesha kitabu alitazamiwa awe na ijaza ya mwalimu wake, na mwalimu huyo ya mwalimu wake, hata mnyororo ukafika mbali; na hadithi iliyokosa isnadi, ule mfululizo wa majina ya watu walioipokea mmoja kutoka kwa mwingine, haikutegemewa, hata kama maneno yake yalikuwa matamu masikioni. Watunzi wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kutaja majina yao na tarehe katika beti za mwisho, ili atakayenakili baadaye ajue ananakili kazi ya nani. Tanbihi na marejeo ya makala ya kisasa ni isnadi hiyo hiyo iliyovaa nguo nyingine. Mtu anayeiba maneno ya mwenzake hakosi tu kwa kuchukua kisicho chake. Amekata mnyororo, na kila atakayeshika kipande kilichobaki atadhani kwamba habari ilianzia hapo.

Warumi walilitazama kosa hili kwa jicho kali zaidi. Katika karne ya kwanza mshairi Martial, alipomwona mtu akisoma mashairi yake hadharani kama kwamba ni yake, alimwita kwa neno la Kilatini lililotumiwa kwa mtekaji wa watu, yule anayemnyakua muungwana au mtumwa wa mwingine na kumfanya mali yake; na kutoka katika neno hilo lugha nyingi za Ulaya zilipata jina la wizi wa maandishi. Kwetu sisi, ambao babu zetu waliziona safari za watumwa zikishuka Bagamoyo, mfano huo hauhitaji sherehe. Shairi, kwa mujibu wa Martial, lilikuwa na baba yake, na aliyelichukua alikuwa amemtenga mtoto na nasaba yake.

Majarida ya kitaaluma yenyewe yalizaliwa kwa sehemu kutokana na hofu hii. Mwaka 1665, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alipoanza kutoa Philosophical Transactions, wataalamu wengi wa zama zile walikuwa wakificha uvumbuzi wao katika masanduku, au wakiuandika kwa mafumbo, wakichelea kwamba atakayesikia atatangulia kuutangaza. Oldenburg aliwapa sababu ya kufungua masanduku: aliyeleta habari yake angeandikiwa tarehe, na tarehe ile ingekuwa shahidi wake mbele ya watu wote. Jarida, basi, tangu mwanzo wake lilikuwa daftari la kuhifadhi haki ya aliyetangulia kabla ya kuwa chombo cha kueneza elimu. Na mhariri ambaye leo anaona kwamba kushughulikia wizi ni kazi ya nje ya kazi yake, amesahau kwa nini kiti anachokalia kilichongwa.

Nataka kusimulia kisa kimoja kwa urefu, kwa maana ndani yake mna karibu kila jambo ambalo nitalihitaji baadaye. Mwezi wa Novemba mwaka 1978, mtafiti kijana aitwaye Helena Wachslicht-Rodbard, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mjini Bethesda, chini ya mkuu wake Jesse Roth, alipeleka muswada kwa New England Journal of Medicine. Muswada ule ulihusu namna insulini inavyoshikamana na chembe za damu za wagonjwa wa anoreksia, maradhi ya mtu kujinyima chakula hata akadhoofika mno. Mhariri aliupeleka kwa wahakiki, kama ilivyo ada, na mmoja wao alikuwa Philip Felig, profesa mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Yale. Felig akampa msaidizi wake, Vijay Soman, ausome. Na Soman, kwa bahati iliyokuja kuwa mbaya kwa wote, alikuwa amekusudia kufanya utafiti juu ya jambo lile lile. Uhakiki uliorudi kutoka Yale ulishauri muswada ukataliwe. Jina la mhakiki halikutajwa, kwa kuwa desturi ni kumficha, na Wachslicht-Rodbard hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyekuwa amezishika kurasa zake.

Muda si mrefu, muswada mwingine ukafika katika American Journal of Medicine, ukiwa na majina ya Soman na Felig. Mhariri wa jarida hilo akatafuta mtu wa kuuhakiki, na mtu aliyemwona anafaa alikuwa Jesse Roth wa Bethesda; Roth, naye, akamkabidhi msaidizi wake. Ndivyo Wachslicht-Rodbard alivyokaa mezani pake mwanzoni mwa mwaka 1979 akisoma kazi ya watu wengine, na katikati ya kurasa akakutana na sentensi zake mwenyewe. Msomaji na asimame kidogo hapo. Mtu aliyeyatunga maneno huyajua kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe katika chumba chenye watoto ishirini. Sentensi zenyewe hazikuwa nyingi. Lakini kwake yeye zilieleza kwa ghafla kwa nini muswada wake ulikuwa umekwama, na ni nani aliyekuwa ameukwamisha.

Alimwandikia Arnold Relman, mhariri wa New England Journal of Medicine, akatoa shutuma zake waziwazi. Relman alisikitika, akawasiliana na Felig, na makala ya Wachslicht-Rodbard ikachapishwa katika mwaka ule ule wa 1979. Kwa upande wa jarida, haki ya kutangulia ilikuwa imehifadhiwa, na mambo yangeweza kuhesabiwa kuwa yamekwisha. Yeye hakukubali. Alishuku kwamba mtu aliyeiba maneno huenda hakuufanya utafiti wenyewe, akadai wachunguzwe. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa kuwa Roth na Felig walikuwa marafiki tangu utotoni, na wakubwa wa pande zote mbili walitamani jambo limalizike kwa mazungumzo ya watu wazima, kwa ahadi na kwa kusameheana. Ulipita mwaka mzima. Hatimaye, Februari 1980, Jeffrey Flier, daktari kutoka Boston, alitumwa kwenda Yale kuzikagua daftari za utafiti, na ukaguzi wake ulihitaji siku moja tu: takwimu hazikulingana na kumbukumbu za wagonjwa, kumbukumbu nyingine hazikuwapo kabisa, na Soman alipoulizwa alikiri. Alijiuzulu. Makala kadhaa alizoandika zikatanguliwa, na Felig, aliyekuwa amekwenda Chuo Kikuu cha Columbia kushika cheo kikubwa, akakiacha mwaka ule ule.

Kinachonishughulisha katika kisa hiki si uovu wa mtu mmoja. Ni yale majira yaliyopita kati ya siku mwanamke yule alipozitambua sentensi zake na siku mkaguzi alipofungua daftari. Relman hakuwa mtu mbaya. Wala wakuu wa Yale na wa Bethesda hawakuwa wezi. Walikosa njia iliyoandikwa. Hapakuwapo kanuni iliyomwambia mhariri ni nani wa kumwandikia kwanza, ni ushahidi gani wa kutaka, na ni lini jambo linapotoka mikononi mwake na kuingia mikononi mwa chuo. Na palipokosekana kanuni, nafasi yake ilichukuliwa na urafiki, haya, na woga wa aibu, ambavyo mara zote huwa upande wa mwenye cheo.

Njia ya namna hiyo ilianza kuchongwa mwaka 1997, pale wahariri wachache wa majarida ya tiba ya Uingereza, miongoni mwao Michael Farthing wa jarida la Gut, walipokutana kutakana shauri juu ya visa vilivyokuwa vikiwasumbua kila mmoja peke yake. Kutokana na mikutano hiyo ikazaliwa Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, inayojulikana duniani kwa herufi zake, COPE. Kwanza walifanya jambo dogo lenye hekima: mhariri alileta kisa bila ya kutaja majina, na wenzake wakamwambia wao wangelifanyaje. Baadaye, mwaka 2006, Elizabeth Wager akayakusanya mashauri yale katika michoro ya hatua kwa hatua, ambayo mhariri wa Dar es Salaam au wa Nairobi anaweza leo kuifungua akaifuata kama nahodha afuatavyo ramani.

Mchoro unaohusu muswada ambao bado haujachapishwa hausemi mambo mageni. Nguvu yake iko katika mpangilio. Mhakiki, au msomaji yeyote, anapomwarifu mhariri kwamba anashuku, mhariri humshukuru na kumwambia kwamba atachunguza, kisha hutaka ushahidi wa maandishi na si maneno ya mdomo. Kurasa mbili huwekwa sambamba. Ikiwa kilichonakiliwa ni vipande vifupi vya sentensi, na hakuna data ya mtu iliyochukuliwa, mwandishi huandikiwa kwa lugha isiyo na ukali, akaelezwa kosa, akaombwa aandike upya au aongeze marejeo, na uhakiki ukaendelea. Ikiwa kurasa kwa kurasa zimechukuliwa, au data ya mtu imewasilishwa kama kwamba ni ya aliyeleta muswada, basi mwandishi anayeshughulika na mawasiliano huandikiwa barua, akapelekewa ushahidi wote, pamoja na tamko alilotia sahihi kwamba kazi ni yake, naye akaombwa aeleze.

Nasisitiza neno hilo: aeleze. Kadhi hahukumu kabla ya kusikia pande mbili, na mchoro ule, ijapokuwa haukutungwa na makadhi, umeishika insafu hiyo hiyo. Huenda mwandishi ni mwanafunzi aliyepewa kazi na msimamizi wake bila ya kufundishwa. Huenda maelekezo ya jarida lenyewe yalikuwa na utata. Huenda muswada umeletwa na mtu mmoja na wenzake walioandikwa majina hawana habari. Akijibu kwa maelezo yanayokubalika, huonywa na kufundishwa. Akikiri, au akijibu kwa maneno yasiyosimama, muswada hukataliwa kwa barua inayotaja sababu, na waandishi wote hupewa nakala, si yule mmoja tu. Na mhariri huangalia kama inampasa kumwarifu mkuu wa kazi wa mwandishi, au ofisi ya chuo inayosimamia maadili ya utafiti. Asipojibu kabisa, mhariri huwatafuta waandishi wenzake, na kama nao wamenyamaza, huandikia chuo, akaandika tena baada ya miezi mitatu hata sita, mpaka jibu lipatikane. Iko hatua ya mwisho ambayo nitairudia.

Wakati mchoro huo ulipokuwa ukienea, chombo kingine kilikuja kubadilisha sura ya kazi. Mwaka 2008, shirika la Crossref, lenye kuwaunganisha wachapishaji, lilianzisha huduma iliyoitwa CrossCheck, ambayo leo inaitwa Similarity Check: muswada unapoingia, programu ya iThenticate huyalinganisha maneno yake na mamilioni ya makala na kurasa za intaneti, ikatoa taarifa yenye rangi na, juu yake, tarakimu moja ya asilimia. Jarida la kwanza la China kujiunga lilikuwa la Chuo Kikuu cha Zhejiang, Oktoba 2008, na mhariri wake, Yuehong Zhang, alitangaza mwaka 2010, katika barua kwa jarida la Nature, jambo ambalo wahariri wengi wangelificha: katika miaka ipatayo miwili walipokea miswada 2,233, na katika 692 kati yake, asilimia 31, walikuta unakili uliopita kiasi. Mimi namheshimu mhariri huyo kwa barua ile kuliko kwa mashine aliyoitumia. Aliyafungua madirisha ya nyumba yake mwenyewe.

Ila tarakimu ile ya asilimia imeleta maradhi yake. Yako majarida yanayoweka kikomo, tuseme asilimia 15 au 20, na muswada ukizidi hapo hurudishwa na karani hata kabla ya mhariri kuutazama, na ukipungua hapo hupita. Mtu aliyewahi kuisoma taarifa yenyewe, asiyetazama tarakimu iliyo juu yake peke yake, anajua kwamba hii si hukumu. Mashine huhesabu majina ya vyuo, huhesabu orodha ya marejeo isipoambiwa iiache, huhesabu maelezo ya mbinu za maabara ambazo hazina namna kumi za kuelezwa, huhesabu hata tasnifu ya mwandishi mwenyewe iliyowekwa katika maktaba ya chuo chake. Muswada wenye asilimia 30 waweza kuwa safi kama kanzu ya Ijumaa, na muswada wenye asilimia 3 ukawa na moyo wa wizi ndani yake. Sentensi zile chache za Wachslicht-Rodbard, lau zingepitishwa katika chombo hiki, zingetoa tarakimu ambayo hakuna karani angeishughulikia. Na isitoshe, muswada wake siku ile haukuwa umechapishwa popote, kwa hiyo chombo kisingekuwa na cha kuulinganishia. Aliyeziona ni mtu aliyesoma.

Kuhusu bara letu tunayo takwimu moja ya kutafakari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch pamoja na wenzao, Elizabeth Wager huyo huyo akiwa miongoni mwao, walichunguza majarida 100 ya tiba ya Afrika, wakachukua makala 495 zilizotoka mwaka 2016, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2018. Katika makala 313, yaani asilimia 63, walikuta walau sentensi iliyonakiliwa bila ya haki. Na katika majarida yale 100 ni 26 tu yaliyokuwa na kanuni iliyoandikwa juu ya wizi wa maandishi. Wako watakaoisoma tarakimu hiyo kwa aibu, na wako watakaoisoma kwa furaha mbaya. Nawaomba wote waisome sehemu inayofuata: katika nyingi ya makala hizo sentensi zilizonakiliwa zilikuwa moja hadi sita tu, zikijikusanya zaidi katika utangulizi na katika mjadala, na zikiwa nadra katika matokeo.

Maana yake kwangu ni dhahiri. Daktari wa wilaya aliyewapima wagonjwa wake mwenyewe, akahesabu hesabu zake mwenyewe, kisha akakaa usiku kuandika kwa Kiingereza, ambacho ni lugha yake ya tatu, huogopa zaidi pale panapotakiwa ufasaha kuliko panapotakiwa ukweli. Na katika utangulizi, akiona sentensi ya mwenzake imesema vizuri alilotaka kusema, huichukua kama mtu aazimaye kanzu kwenda arusini. Amekosa, na jarida halina ruhusa ya kunyamaza, lakini kosa lake na kosa la mtu anayechukua data ya mwenzake hayawekwi katika mizani moja, na mhariri anayewafukuza wote wawili kwa barua ile ile hakufanya uadilifu, amejiepusha na taabu ya kupambanua. Wa kwanza afundishwe. Aambiwe kwamba sentensi yake iliyokwenda chechele ni bora kuliko sentensi iliyonyooka ya mtu mwingine, na jarida lenye kutaka makala za watu wa bara hili limpatie mtu wa kumsaidia kuinyoosha. Wa pili achunguzwe mpaka mwisho.

Wezi nao wamejifunza. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walitoa habari ya makala zilizojaa misemo ya ajabu, ambayo waliibaini kuwa ni alama ya programu za kubadilisha maneno: mtu hunakili makala ya mwingine, akaipitisha katika programu inayobadili kila neno kwa kisawe chake, na mashine ya kulinganisha isione kitu. Kwa Kiingereza akili bandia ikageuka fahamu ya kughushi, na saratani ya matiti ikawa hatari ya kifuani. Inasikitisha kwamba misemo hiyo ilipita mbele ya mhariri na wahakiki katika majarida ya wachapishaji wakubwa, kwa kuwa mtu yeyote aliyezisoma kwa makini kurasa mbili angeuliza hatari ya kifuani ni nini.

Na uko mlango mwingine ambao unatuhusu sisi waandishi wa Kiswahili kuliko wote. Mashine haina ujuzi wa kutosha wa tafsiri, wala haijui kilicho katika karatasi peke yake. Tasnifu nyingi zilizoandikwa kwa mashine ya chapa na kuwekwa katika rafu za maktaba, na matoleo ya zamani ya majarida yetu kama Kiswahili na Mulika, hayakuingia yote katika hazina inayolinganishwa. Na anayechukua sura ya kitabu cha Kiingereza akaigeuza Kiswahili fasaha, atapata taarifa yenye asilimia sifuri, na huenda akasifiwa kwa upya wa lugha yake. Hapo hakuna mlinzi ila msomaji mwenye kumbukumbu.

Nalijua hili kwa kuwa lilinifika. Miaka iliyopita jarida moja liliniomba nihakiki muswada wa Kiswahili juu ya riwaya, ulioandikwa kwa ufasaha ulionipendeza tangu ukurasa wa kwanza, na taarifa ya mashine iliyoambatishwa ilikuwa karibu haina kitu. Katika ukurasa wa tisa nikakuta mfano wa mto unaobadili mkondo na kuacha daraja likivuka mchanga mtupu, nikajua kwamba nimekwisha kuuona mto huo. Ulinichukua siku mbili kuupata: ulikuwa katika kitabu cha Kiingereza nilichokisoma nikiwa mwanafunzi, na si mto tu, bali hoja yote iliyoutangulia na yote iliyoufuata, aya kumi na moja kwa mpangilio ule ule. Niliziandika aya zile sambamba, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, nikampelekea mhariri. Aliniandikia shukrani fupi, na muswada ukarudishwa kwa mwandishi, kama nilivyokuja kusikia, kwa barua iliyosema kwamba haukuendana na mwelekeo wa jarida. Baada ya miaka miwili niliukuta umechapishwa mahali pengine. Mto ulikuwa pale pale.

Sikumlaumu mwandishi peke yake siku ile. Barua isiyotaja sababu ni upole wa uongo: humwacha mkosaji bila ya kujua kama amegunduliwa, humnyima haki ya kujitetea ikiwa hana kosa, na humhamishia mhariri mwingine mzigo ule ule bila ya kumwonya. Naijua sababu ya kunyamaza. Wahariri wetu wengi hufanya kazi hii bila ya malipo, jioni, baada ya vipindi vya kufundisha; mwandishi huenda ni mkubwa wao kazini, au mtahini wa wanafunzi wao; na chuo kilichoandikiwa huenda kisijibu kamwe. Lakini mizigo yote hiyo ni hoja ya kuwa na kanuni iliyoandikwa na kutangazwa mapema, ili barua ngumu itoke kwa jarida na si kwa fulani bin fulani.

Kwamba kunena kunawezekana, na kwa heshima, kulidhihirika mwishoni mwa mwaka 2016, pale Annals of Internal Medicine lilipochapisha barua ya Michael Dansinger, daktari wa Marekani, kwa mhakiki aliyeuhakiki muswada wake katika jarida hilo hilo, muswada ukakataliwa, kisha mhakiki akauchapisha kwingineko kama wake, akiwa amebadili hata mahali na watu waliofanyiwa utafiti. Barua haikumtaja mtu kwa jina. Ilieleza nini kiliibwa, ni kazi ya miaka mingapi, na ni hatari gani kwa wagonjwa pale takwimu zinapovishwa watu ambao hawakuwapo. Mhariri mkuu, Christine Laine, aliandika pamoja nayo tahariri ya kueleza upande wa jarida, na makala iliyoibwa ilikuwa imekwisha kutanguliwa na jarida lililoichapisha. Tazama kwamba jarida lililosema lilikuwa ndilo lile ambalo mhakiki wake alifanya hiana. Lingeweza kuona haya. Lilikumbuka badala yake kwamba muswada uliwekwa kwake, na kwamba aliyepotelewa na amana hana mtu wa kumwuliza ila aliyeipokea.

Sasa narudi kwenye hatua ile ya mwisho ya mchoro wa COPE, ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni ndogo na huja wakati mhariri amekwisha kuchoka. Inasema kwamba jambo likimalizika, mhariri amwandikie yule aliyeleta tuhuma, amwambie nini kilipatikana na nini kilifanywa. Ni barua ya mistari minne au mitano. Wachslicht-Rodbard aliingoja zaidi ya mwaka. Mimi, kwa habari ya mto wangu, naingoja bado, na karatasi zangu mbili, ya Kiingereza kushoto na ya Kiswahili kulia, zimo katika faili ile ile, tayari kwa yeyote atakayeziomba.